Nimeacha wanga na nafunga saa 16 kwa siku: mbona mzani umegoma na kichwa hakiachi kuuma?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 44, urefu sentimita 163, na nilianza nikiwa na kilo 94. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu, kilitoka 6.1, nikaambiwa niko ukingoni mwa kisukari na nipunguze uzito. Nina presha pia, na kila asubuhi nameza losartan pamoja na hydrochlorothiazide. Wiki tatu zilizopita niliacha mikate, wali, viazi, sukari na soda kwa mpigo, na siku hiyohiyo nikaanza kufunga saa 16: nakula kati ya saa 7 mchana na saa 3 usiku. Wiki ya kwanza nilishuka kilo 3.5, nikafurahi sana. Tangu hapo mzani haujasogea. Kichwa kinauma karibu kila siku hadi nameza ibuprofen, nikisimama ghafla napata kizunguzungu, na usiku misuli ya miguu inanibana. Rafiki yangu anasema mwili umeshazoea, niongeze hadi saa 20 na nile mlo mmoja tu. Dada yangu naye anasema nitamaliza misuli na ubongo utakosa sukari. Je, haya mambo mawili yanafaa kwenda pamoja au nimejichanganya? Na kahawa yangu ya asubuhi yenye maziwa inavunja mfungo?"

Dada yangu, pole kwa maumivu, na hongera kwa kutolipuuza jibu la kipimo. Wengi wakiambiwa wako ukingoni husubiri hadi wavuke. Umeuliza kama kupunguza wanga na kufunga vinafaa kwenda pamoja, na nitakujibu kwa kirefu. Ila katika maelezo yako kuna jambo ambalo hukuliuliza, na linanitia wasiwasi kuliko mzani uliogoma. Una kizunguzungu, unameza dawa mbili za presha, na juu yake unaongeza ibuprofen. Hilo halisubiri, kwa hiyo tuanze nalo.

Insulini tumeizoea kama homoni ya sukari, lakini ina kazi nyingine isiyotajwa sana: huziamuru figo zishike chumvi. Ukipunguza wanga, insulini inashuka. Ukikaa saa nyingi bila kula, inashuka zaidi. Figo zikiikosa amri hiyo huachia chumvi kwenye mkojo, na chumvi ikitoka maji huifuata. Kwa mtu asiyetumia dawa, matokeo yake ni siku chache za kichwa kuuma na uchovu, kisha mwili unajipanga upya. Wewe una hydrochlorothiazide, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kutoa chumvi na maji kupitia mkojo. Ina maana unapoteza maji kwa njia tatu kwa wakati mmoja: mlo, mfungo na kidonge. Kisha losartan inazuia homoni ambayo mwili ungeitumia kuinua presha iliyoshuka. Ukisimama, damu inakwenda miguuni, presha haipandi kwa haraka inayotakiwa, na wewe unaona dunia inazunguka.

Ibuprofen ndiyo inayonifanya niandike kwa mkazo. Maji yakipungua mwilini, figo hutegemea kemikali fulani kuweka mishipa yao wazi ili damu iendelee kufika, na ibuprofen huzuia kemikali hizo. Mtu anayetumia dawa ya kundi la losartan pamoja na dawa ya kukojoza, kisha akaongeza ibuprofen au diclofenac huku mwili hauna maji ya kutosha, anaweza kupata madhara ya figo ya ghafla. Madaktari na wafamasia wanaujua vizuri mchanganyiko huo wa dawa tatu na wanauogopa. Tafadhali acha ibuprofen leo. Maumivu yakizidi, tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Usiache dawa za presha kwa uamuzi wako mwenyewe. Unachotakiwa kufanya ni kupima na kupeleka majibu. Kaa kitini dakika 5 ukiwa umetulia, pima presha, andika. Simama, pima tena baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yako inaanguka unaposimama. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha uende kwa daktari aliyekuandikia dawa ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Hata kama namba hazikuanguka, nenda, maana dalili zako peke yake zinatosha. Mweleze umebadilisha nini kwenye chakula, na mwombe apime kreatinini (inayoonyesha hali ya figo), sodiamu na potasiamu. Mara nyingi mtu akipunguza wanga na uzito, presha nayo hushuka na dawa inabidi ipunguzwe. Ni jambo jema kabisa, mradi anayepunguza ni daktari.

Utasikia pia ushauri wa kuongeza chumvi au kunywa supu yenye chumvi. Kwa mtu mwenye presha ya kawaida asiye na dawa, ushauri huo mara nyingi unasaidia kweli. Kwako usubiri vipimo. Usiguse kabisa ile chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi salama kwa wenye presha, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Losartan huufanya mwili ushikilie potasiamu, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Wala usijilazimishe kunywa lita tano za maji ukidhani ndiyo tiba ya kichwa. Ukiwa kwenye hydrochlorothiazide, maji mengi kupita kiasi yanaweza kuizimua sodiamu ya damu, na sodiamu ikishuka dalili yake mojawapo ni kichwa kuuma. Kunywa kwa kiu, na uangalie mkojo uwe wa njano hafifu.

Hadi utakapomwona daktari, rudisha mfungo uwe saa 12 tu, usiku ukiwemo. Kula asubuhi. Hujashindwa wala hujapoteza chochote, na utaona huko chini kwa nini.

Sasa tuje kwenye mzani. Kilo 3.5 za wiki ya kwanza hazikuwa mafuta, au tuseme sehemu ndogo tu ndiyo ilikuwa mafuta. Mwili huhifadhi wanga katika umbo liitwalo glaikojeni: takriban gramu 100 kwenye ini na kama gramu 400 kwenye misuli. Kila gramu moja ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Akiba hiyo ikiisha, wanga na maji yake vinaweza kufika kilo 2. Ongeza maji yaliyofuata chumvi na chakula kilichopungua tumboni, hesabu ya wiki yako ya kwanza imekamilika. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kilokalori 7,700. Ili uchome kilo 3.5 za mafuta kwa siku 7 ungehitaji upungufu wa kilokalori 3,850 kila siku, ambazo ni nyingi kuliko mwili wako unazotumia kwa siku nzima. Haiwezekani.

Kwa hiyo mzani wako haujagoma kwa maana uliyoifikiria. Ulishuka kwa haraka isiyo ya kweli, na sasa mambo mawili yanatokea chini kwa chini: mafuta yanapungua polepole, huku mwili ukirudisha sehemu ya maji uliyoyapoteza. Yote mawili yakikutana, namba inasimama palepale. Mzunguko wa hedhi nao hubadilisha maji kwa kilo moja au mbili. Chukua utepe, pima kiuno usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Ukiona kiuno kinapungua huku mzani umesimama, mafuta yanatoka. Vikisimama vyote viwili kwa wiki 4 au 5, hapo ndipo tuangalie kiasi cha chakula.

Sasa swali lako lenyewe. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa imeonekana kwamba degedege hupungua mgonjwa akifunga, lakini hakuna anayeweza kufunga maisha yake yote. Mlo ule ulitungwa ili uige hali ya kufunga huku mtu anaendelea kula, na ndiyo asili ya kinachoitwa leo mlo wa keto. Ukilielewa hilo, utaona kwamba hukuunganisha dawa mbili tofauti. Umeuvuta mkono uleule mara mbili. Kupunguza wanga kunashusha insulini na kufungulia mafuta, na kufunga kunafanya hivyohivyo. Kupunguza wanga kunashusha njaa kwa watu wengi, na kufunga kunapunguza nafasi za kula. Mwisho wa yote, mafuta yanapungua kwa sababu umekula pungufu ya unachotumia. Insulini ikishuka mafuta yanatoka kwenye hifadhi kwa urahisi zaidi, lakini ukila ya kutosha kuyarudisha, yanarudi.

Ndiyo maana faida za njia hizi mbili zinalaliana, na madhara yake yanajumlika. Chumvi inatoka mara mbili, presha inashuka mara mbili, protini inapata nafasi finyu mara mbili, na hatari kwa mtu wa dawa inaongezeka mara mbili, wakati mafuta hayatoki mara mbili.

Utafiti wa maana umepima kila njia peke yake, na majibu yake yanafundisha unyenyekevu. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapunguza mafuta na nusu wakapunguza wanga. Baada ya miezi 12, wa mafuta kidogo walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3 na wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Kwa upande wa kufunga, mwaka 2020 utafiti wa watu 116 huko Marekani uliwapa kundi moja ruhusa ya kula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu kwa wiki 12, bila maelekezo mengine yoyote ya chakula. Uzito wao haukutofautiana kwa maana yoyote na wa waliokula milo mitatu. Mwaka 2022 ukaja mwingine kutoka China, watu 139 wenye unene uliopitiliza, wote wakipunguziwa kalori kwa kiwango kilekile, nusu yao wakila kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Baada ya mwaka mmoja waliobanwa muda walipungua kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3. Tofauti hiyo nayo haikufikia kiwango cha kuaminika.

Usivunjike moyo kwa namba hizi. Mimi nazisoma hivi: saa za kula ni uzio, na kupunguza wanga ni uzio mwingine. Vyote vinamsaidia mtu asile zaidi bila kuhesabu kila tonge. Kuna anayesaidiwa sana na uzio wa kwanza, kuna anayesaidiwa na wa pili, na wapo wachache wanaoishi vizuri ndani ya zote mbili. Kipimo ni kama unaweza kuishi ndani yake mwaka mzima bila mateso. Mtu anayemeza dawa ya kichwa kila siku ili aweze kuendelea na mpango hawezi kufika mwaka.

Rafiki yako anakupenda, lakini achana kabisa na ushauri wake wa saa 20. Sababu ya kwanza umeshaisoma hapo juu. Ya pili ni protini. Kwa urefu wako, ukiwa unapunguza uzito, unahitaji kama gramu 80 hadi 100 za protini kwa siku ili mwili usile misuli. Yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za nyama au samaki aliyepikwa zina takriban gramu 25. Jaribu kuziingiza gramu 90 katika mlo mmoja: ni kama mayai manne na zaidi kidogo ya robo kilo ya samaki aliyepikwa, kwa mkao mmoja, kila siku, pamoja na mboga. Wiki ya kwanza utajitahidi, ya pili utakula kinachoingia tu, na kitakachopungua ni protini. Katika ule utafiti wa mwaka 2020, miongoni mwa washiriki waliopimwa miili kwa kina, sehemu kubwa ya uzito waliopoteza wafungaji haikuwa mafuta. Hawakuwa wameelekezwa kuhusu protini wala mazoezi, na hilo ndilo somo.

Pengine rafiki yako amesikia pia kwamba kuanzia saa ya 16 chembe za mwili huanza kujisafisha. Ni kweli kwamba mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi chembe zinavyovunja na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa. Alifanya kazi hiyo kwa kuchunguza hamira. Haikuwa kazi ya kupima binadamu afunge saa ngapi, na hiyo saa ya 16 inayotajwa kwa uhakika mwingi haikutoka kwake. Usiyumbishe afya yako kwa ajili ya namba hiyo.

Dada yako naye ana ukweli nusu. Kuhusu misuli, yuko sahihi kama hutakula protini ya kutosha na hutaipa misuli kazi. Kuhusu ubongo, aondoe hofu. Ubongo hutumia takriban gramu 120 za sukari kwa siku, lakini si lazima zitoke sahanini. Ini hutengeneza sukari kutokana na protini, kutokana na sehemu ya mafuta iitwayo gliseroli, na kutokana na mabaki ya kazi ya misuli. Tena mwaka 1967 Oliver Owen na George Cahill walionyesha kwamba mtu akifunga kwa muda mrefu, ubongo huhamia kwa sehemu kubwa kwenye ketoni, ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta. Wewe hujafika huko, wala hakuna haja ya kufika. Kichwa chako hakiumi kwa sababu ubongo una njaa. Nashuku zaidi chumvi na maji, na pia kahawa: kama ulikuwa unakunywa saa 1 asubuhi na sasa umeisogeza hadi saa 7 mchana, hilo peke yake linatosha kuleta maumivu.

Ningekuwa mimi naupanga upya mpango wako, ningetenganisha mambo mawili uliyoyaanza siku moja. Ningeanza na chakula na kuacha saa. Sababu yangu ni HbA1c yako. Kwa vigezo vya Chama cha Kisukari cha Marekani, 5.7 hadi 6.4 ni hali ya kuelekea kisukari, na wewe uko katikati. Kinachopandisha sukari ya damu moja kwa moja ni wanga, hasa ule uliokobolewa na ule unaonyweka. Umeshaacha soda, mikate na sukari, na kazi kubwa imekwisha hapo. Huna haja ya kushuka hadi gramu 20 au 30 za wanga kwa siku kama watu wa keto. Jaribu gramu 80 hadi 120. Utafiti mwingi huita chochote chini ya 130 mlo wa wanga kidogo. Kiwango hicho kinakuruhusu kula maharage au dengu kwa kiasi, matunda mazima mara moja au mbili kwa siku, karanga, mtindi usiotiwa sukari na mboga za kila aina. Chumvi haitatoka kwa kasi ileile, na choo hakitakuwa kigumu, tatizo ambalo hukulitaja lakini huwapata wengi wakiacha nyuzinyuzi pamoja na wanga.

Kila mlo uanze na protini: samaki, mayai, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, maharage. Mafuta yawe zaidi ya parachichi, karanga, samaki na mimea kuliko siagi na mafuta ya nyama. Nasema hivyo kwa sababu baadhi ya watu wakipunguza wanga na kujaza nafasi yake kwa mafuta ya wanyama, kolesteroli mbaya hupanda, wakati mwingine sana, na mtu mwenye presha hahitaji mzigo huo wa pili. Pima kolesteroli kabla na baada ya miezi mitatu.

Mara mbili au tatu kwa wiki upe misuli kazi nzito kidogo: kuchuchumaa na kuinuka kitini, kusukuma ukuta kisha sakafu, kubeba mzigo. Dakika 20 zinatosha kuanza. Siku nyingine tembea. Subiri kizunguzungu kiishe kwanza.

Baada ya wiki 4 au 6, kichwa kikiwa kimetulia, presha imepangwa na daktari, na kama mwenyewe unaona asubuhi njaa haipo, hapo unaweza kurefusha mfungo hadi saa 13 au 14. Mimi ningependa upunguze saa za kula upande wa jioni badala ya asubuhi. Mwaka 2018 kulikuwa na utafiti mdogo wa wanaume 8 walio ukingoni mwa kisukari. Wakila mapema na kumaliza alasiri, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi na presha ilishuka, hata bila uzito kupungua. Wanane ni wachache mno kujengea sheria, ila unaoana na kinachojulikana kuhusu mwili kuhimili sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku. Saa 3 usiku kwako ni kuchelewa. Ukimaliza kula saa 1 jioni na kuanza tena saa 2 au saa 3 asubuhi, umeshafunga saa 13 au 14 huku sehemu kubwa umelala. Na usipotaka kurefusha kabisa, sioni unachokosa.

Lengo liwe nini? Mwaka 2002 mradi mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani, uliohusisha watu 3,234 walio katika hali kama yako, ulionyesha kwamba kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 yako ni kama kilo 6.5. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kushuka kwa kasi sana huongeza uwezekano wa vijiwe vya nyongo, na wanawake wa umri wako ndio hasa huvipata.

Kwa kuwa watakaosoma jibu hili ni wengi na si wote walio kama wewe, niseme wazi nani asiunganishe njia hizi bila daktari kumsimamia. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, gliclazide na glimepiride, anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Anayetumia dawa za kisukari ambazo jina lake huishia na gliflozin, kama dapagliflozin na empagliflozin, anaweza kupata tindikali ya ketoni kwenye damu hata sukari yake ikiwa inasoma kawaida, na kwa kuwa mashine ya sukari haimwonyi, huchelewa kwenda hospitali. Dawa hizo hutolewa pia kwa wagonjwa wa moyo na figo wasio na kisukari, kwa hiyo soma pakiti. Wajawazito na wanaonyonyesha wasifanye. Watoto, wembamba kupita kiasi, na yeyote aliyewahi kuwa na uhusiano mbaya na chakula, wa kujinyima au kula kwa pupa kisha kujitapisha, wasifanye. Mwenye gauti ajue kwamba ketoni zikipanda asidi ya yuriki hupanda nayo kwa wiki kadhaa, na maumivu ya kiungo yanaweza kurudi.

Wewe usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukizimia au ukikaribia kuzimia, kifua kikiuma, moyo ukidunda bila mpangilio, ukichanganyikiwa, ukitapika bila kukoma, ukikojoa kidogo sana kwa siku nzima, au presha ikisoma chini ya 90/60 huku una dalili. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula, hasa yakija na homa, nayo ni ya hospitali.

Kahawa sasa. Kwa lengo lako la kupunguza uzito na sukari, vijiko viwili vya maziwa ndani ya kahawa havibadilishi chochote cha maana. Kikombe kilichojaa maziwa ni chakula, kihesabu hivyo. Kahawa yenyewe irudishe asubuhi ulikozoea kuinywa, na uone kichwa kitasemaje ndani ya siku mbili tatu.

Na kama daktari ataagiza kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi na kutolewa damu baada ya saa mbili, mwambie mapema kwamba unakula wanga kidogo. Inapasa ule angalau gramu 150 za wanga kwa siku kwa siku tatu kabla ya kipimo hicho, la sivyo mwili uliozoea wanga kidogo utaonekana una kisukari wakati hauna. HbA1c haina shida hiyo. Rudia hiyo baada ya miezi mitatu, na ukija kuniandikia tena nitumie namba hiyo pamoja na ya kiuno.